Jongoo Bahari Aliyevuja Chai

Nyinyi vijana mnaojifunza cherehani pale Kapsoit mmenisumbua vya kutosha. Kila nikipita na fimbo yangu lazima mmoja aite kutoka kwenye veranda, "Kogo, ni ukweli ulishona mdudu ya kutoa matumbo?" Halafu mnaangua kicheko kama kwamba nyanya yenu hasikii. Nasikia vizuri sana, macho ndiyo yamechoka. Basi leo nawajibu mara moja kwa maandishi, ili mniache nikanunue maziwa kwa amani. Ndiyo, nilimshona. Alikuwa jongoo bahari, na matumbo yake yalifumwa na akina mama wa kanisa letu kwa uzi uleule wa vitambaa vya makochi. Na ndiyo, alinuka chai.

Mimi nimeshona sare za shule miaka mingi, lakini sare ni ugali tu. Kitoweo changu kilikuwa nguo za wanyama za tamasha la maigizo. Nimeshona simba, ndovu, kanga na mbuzi wa kila tabia. Mwaka mmoja nilishona hata homa. Mwalimu alitaka homa itembee jukwaani, nami nikampa homa yenye pindo.

Aliyenifundisha alikuwa Fundi Wafula, mzee wa upande wa Bungoma aliyekuja huku kuchuma majani chai, vidole vikamshinda, akahamia kwenye cherehani. Alikuwa na maneno machache na kicheko kirefu. Ng'ombe wangu wa kwanza alibebwa na watoto wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, nami nilisahau kwamba yule wa nyuma haoni kitu. Wimbo ulipokwisha, kichwa kikatokea mlango wa kulia na mkia ukatokea wa kushoto. Mshono wa katikati ulijaribu kuwapatanisha, ukashindwa. Watu walipiga makofi wakidhani ng'ombe amechinjwa kwa makusudi. Wafula alicheka mpaka akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaanza kucheka upya. Kisha akasema, "Rael, huyo wa nyuma pia ni mtu. Mpe tundu ya kuona."

Andikeni hilo. Na hili pia: kabla hujamaliza nguo ya mnyama, mwambie mtoto achuchumae, akimbie, ainue mikono, halafu aende choo na kurudi. Mnyama asiyeweza kwenda choo haraka ni janga. Usitumie vifungo mahali ambapo mtoto atafungua akiwa na hofu, tumia kamba ya kuvuta. Na kwapa liache kubwa kuliko unavyodhani. Siku hizi nawaona mnabandika kila kitu kwa ile gundi ya moto, inapendeza kwenye picha, halafu simba anakohoa mara moja na shavu linaanguka. Sindano haina haraka, lakini haikuaibishi.

Ila fundisho kubwa la Wafula lilikuwa juu ya macho. "Anza na macho," alikuwa akiniambia. "Watu hawaonei huruma kitu yenye haiwaangalii." Alipokuwa anarudi kwao kupumzika aliniachia vifungo viwili vyeusi, vikubwa, vya koti la zamani, vinavyong'aa kama vimelia sasa hivi. Akaniambia niviweke kwa ajili ya mnyama atakayenishinda. Nikaviweka kwenye mfuko wa aproni yangu.

Mnyama wa kunishinda alifika kutoka Boito.

Alimleta Mwalimu Langat, kijana mwembamba mwenye furaha nyingi, aliyekuwa akifundisha shule moja ya huko. Aliwahi kwenda semina Kwale, na huko akaona kitu kimeanikwa juu ya bati, akadhani ni mihogo iliyoungua. Mchuuzi akamwambia ni jongoo bahari, wanakaushwa wapelekwe ng'ambo wakaliwe. Mwalimu Langat hakulala vizuri tangu siku hiyo. Akaandika mchezo. Ndani yake chui milia na jongoo bahari wanafika mbele ya hakimu, kila mmoja akidai yeye ndiye anayeisha duniani, mchuuzi anakuja kumbeba jongoo akamwanike, na mwishoni hakimu anawauliza watazamaji: nani aokolewe kwanza?

"Kogo," akaniambia huku akinionyesha video kwenye simu, "nataka huyu na huyu."

Nikatazama. Chui milia, sawa, mnyama ana mistari, ana masharubu, ana kila kitu ambacho fundi anaombea. Kisha nikamtazama yule mwingine. Alikuwa amelala chini ya bahari kama soksi iliyojazwa mchanga.

"Huyu mbele yake ni wapi?" nikauliza.

"Upande wa kula."

"Na wa kula ni upi?"

Mwalimu akageuza simu, akaigeuza tena. Hata yeye hakuwa na hakika.

Chui milia alinichukua muda mfupi. Nilipata blanketi la mitumba la rangi ya chungwa, nikakata mistari kwenye kanzu nyeusi ya kwaya iliyostaafu, nikampa macho ya kijani. Aliyemvaa ni Kiprono, kijana mrefu mwenye sauti ya kuamsha ng'ombe walio bonde la pili. Alipojaribu nguo tu, wenzake wakapiga mayowe. "Manze Kipro, umeiva!" Akanguruma. Kuku wangu wakapanda juu ya jiko.

Jongoo hakuna aliyemtaka. Watoto walikuwa wanajificha nyuma ya mlango wasichaguliwe. Mmoja tu ndiye aliyenyoosha mkono, akaunyoosha mpaka akasimama kwa vidole vya miguu: Chepkorir, binti mdogo wa umbo, mtoto wa mama anayefagia kwenye kiwanda cha chai. Alikuwa ameitazama ile video mpaka betri ya mwalimu ikafa. Tena alikuwa anajua mambo. Aliniambia jongoo hula mchanga mchafu, anabakiza chakula tumboni na kuutoa mchanga ukiwa safi, kwa hivyo bahari inafagiliwa na yeye. Akasema jongoo akishikwa kwa nguvu anatapika matumbo yake nje, adui ashughulike nayo, kisha anaota mengine.

"Matumbo yote?" nikauliza.

"Yote, Kogo! Si ni poa?"

Nikamwambia kwamba katika kanisa letu kuna akina mama ambao wakipewa uzi hawajui kuacha.

Mchezo wenyewe ulinifundisha, nami sikwenda shule kwa ajili ya wanyama. Wote wawili wanauawa kwa ajili ya wateja wa mbali, mmoja kwa ngozi na mifupa, mwingine kwa supu. Lakini chui milia ana msitu uliowekewa askari, ana picha kwenye fulana, kwenye blanketi, hata kwenye boksi la viberiti. Jongoo hana hata jina la utani. Huokotwa mmojammoja na yeyote anayejua kupiga mbizi, maana hawezi kukimbia, na bandu bandu huisha gogo. Wakibaki wachache wanatawanyika mbali mbali, na kiumbe kisichotembea haraka hakimpati mwenziwe, basi hata kuzaana kunakwama. Na kulikuwa na mstari mmoja niliupenda sana. Hakimu anamwambia chui milia, "Wewe hujawahi hata kukanyaga Kenya. Huyu ni jirani yetu." Sisi wa huku juu tunajua Mombasa kwa jina tu, lakini mstari huo ulinigusa.

Tatizo lilianza kwenye mazoezi. Kiprono alizungumza vizuri, watu wakainamisha vichwa. Kisha jongoo akatambaa kuingia, na darasa zima likaanguka kwa kicheko. Si kicheko cha mapenzi, kile cha kuelekeza kidole. "Wueh! Pilo inatembea!" Mwalimu Langat akanivuta kando, furaha yote imemtoka.

"Kogo, si hii itatuangusha? Tukienda Kericho na wacheke hivi, nitamtoa. Tukipita, kwa kaunti tutaenda na taiga pekee. Chepkorir atabaki nyumbani."

"Binti amesikia?"

"Nimemwambia. Amesema sawa."

Amesema sawa! Nilimtazama pale uwanjani, bado yuko ndani ya jongoo, amelala kifudifudi peke yake anajizoeza kutambaa, na moyo wangu uliuma. Nikatia mkono mfukoni mwa aproni, nikatoa vile vifungo viwili vya Wafula. Nikamwita. Nikaviweka mbele, pale ambapo tulikuwa tumekubaliana kwamba ni mbele. Wallahi, papo hapo yule soksi akawa mtu. Mwalimu Langat akasema, "Ai! Hata mimi sasa namhurumia."

Chepkorir akatoa kichwa nje kupitia tundu la kupumulia, akaviangalia.

"Hapana, Kogo."

"Hapana nini, mtoto wangu? Watakupenda."

"Jongoo hana macho. Ukiniwekea macho, watakuwa wanahurumia macho."

Nilikuwa nimeshona miaka yote hiyo nikiamini kinyume chake. Nikavirudisha mfukoni, nikamkasirikia kidogo, maana alikuwa anacheza na nafasi yake mwenyewe na alikuwa anajua.

Sasa niwaeleze alivyotengenezwa, msije mkarudia kosa langu. Nje nilitumia taulo kubwa za mitumba za kahawia, zina vinundu kama ngozi yake. Chini ya tumbo nilifunga brashi ya kusugulia sakafu, ili akitambaa afagie, kwa sababu sakafu ya jukwaa ilikuwa iwe bahari, na mchanga wake ulikuwa vumbi la mbao kutoka Londiani. Na ndani, ili anenepe, nilimjaza makapi ya chai, yale manyoyamanyoya yanayobaki majani yakichekechwa kiwandani. Kwetu watu huyatupa kwenye mboga kama mbolea. Ni mepesi, ni laini, hayawashi. Nilijisifu. Wafula alikuwa amenikataza kujaza nguo kwa kitu kinachokunywa maji, lakini Wafula alikuwa mbali. Na misumari ya ukuta wangu ilikuwa imejaa aproni za nailoni za kuchumia majani, zisizopitisha hata umande! Sikuzitumia kwa sababu nailoni hupiga kelele jukwaani.

Asubuhi ya safari mbingu ya Boito ilikuwa samawati tupu. Basi la shule likajaa watoto, ngoma, na chui milia aliyekaliwa na mwalimu. Jongoo hakuingia. Tukamfunga juu, kwenye keria. Mimi, niliyezaliwa huku, niliyekulia huku, ninayejua kwamba mvua ya Kericho huja mchana na haibishi hodi, ndiye niliyefunga kamba kwa mikono yangu. Mnaweza kucheka.

Mvua ilitukuta njiani. Tulipofika kwenye ukumbi na kumteremsha, ilibidi tuite watu wanne wakubwa, na brashi ilikuwa imebaki barabarani mahali fulani. Maji ya rangi nzito yakaanza kuchuruzika kwenye viatu vyangu. Dereva akainama, akanusa.

"Mama, hii si ni turungi?"

Nikaketi kwenye ngazi za basi. Chepkorir akafika akikimbia, akamgusa jongoo, akakamua kona moja. Chai safi ikatoka. Nikamwambia kwa haya kubwa kwamba si lazima aingie, nitamweleza mwalimu kosa ni langu.

"Kogo, ni baridi lakini ni sawa," akasema, tayari ameshaingiza mguu mmoja. "Jongoo si anakaa kwa maji?"

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani: wazazi, walimu, wachuuzi wa karanga, akina mama waliotoka shambani na mabuti yao. Kiprono akaingia. Alikuwa chui kwelikweli. Akafungua mdomo aseme lile shairi lake refu la msitu uliokatwa, na Mungu akamimina mawe juu ya mabati.

Mnaijua mvua yetu ya mawe. Nyinyi ambao hamjaisikia ndani ya ukumbi wa mabati, chukueni sufuria, mjivike kichwani, kisha mwite jirani apige kwa mwiko. Kiprono alizidisha sauti. Mishipa ikasimama. Hatukusikia hata neno. Tuliona tu chui milia akifungua mdomo na kuufunga, akinyoosha makucha, akilia, yote bila sauti, na mwishowe alionekana kama mtu anayegombana na mlango. Na hakimu hakusikia zamu yake, mchuuzi hakusikia zamu yake, kila mtu akasimama anamtazama mwenzake.

Isipokuwa jongoo. Jongoo hakuwa na neno hata moja.

Akatambaa kuingia. Hana brashi, lakini amelowa chai chapachapa, na kila alipopita vumbi la mbao liling'ang'ania tumbo lake, likaondoka naye. Nyuma yake ikabaki njia safi, mbao za jukwaa zikionekana. Alikwenda taratibu mpaka upande wa pili, akageuka, akarudi kwa mstari wa pembeni, jinsi mama yake anavyofagia kiwandani, mstari kwa mstari. Niliwaona watu wa nyuma wanasimama kutazama. Kwanza wachache wakacheka. Kisha mchuuzi akajikumbuka, akaja kumbeba ampeleke kwenye bati la kuanika.

Akashindwa kumwinua! Nguo ilikuwa nzito kama ndama. Akavuta, akateleza kwenye chai, akakaa. Hapo ukumbi ulilipuka. Akasimama, akamkumbatia kwa nguvu zake zote, na Chepkorir, mtoto yule, akavuta kamba ya mfuko wa matumbo. Matumbo yakatoka. Akina mama wa kanisa walikuwa wamefuma bila kipimo, na chai ilikuwa imeyatia rangi ambayo daktari mwenyewe angeitambua. Yalitoka, yakazidi kutoka, yakamfunga mchuuzi miguu, yakamfikia chui milia aliyekuwa bado anahutubia, naye akaanguka kama mti wa Londiani. Nilisikia kicheko kupita mvua ya mawe. Mama mmoja alikuwa amelala juu ya jirani yake. Hakimu alikuwa amejifunika uso kwa joho.

Nami nilikuwa ninalia. Nasema wazi, nilikuwa ninalia. Huku mbavu zinaniuma kwa kucheka, machozi yalikuwa ya kweli, kwa sababu walikuwa wanacheka na Mwalimu Langat alikuwa amesema wakicheka anamtoa. Nilishika vile vifungo mfukoni nikajiambia, Rael, ungemshonea tu, kwa nguvu, mtoto anajua nini?

Ndipo mawe yakakoma. Mnajua yanavyokoma, kama bomba limefungwa. Kicheko kikabaki peke yake, kikaona haya, kikapungua.

Na jongoo alikuwa bado anatembea. Makapi yalikuwa yametoka pamoja na matumbo, basi alikuwa bapa, taulo limelegea, mfuko mtupu unaojikokota. Alirudi pale alipoachia, akashika ule mstari wake. Sehemu moja tu ya jukwaa ilikuwa bado chafu, naye alikuwa anaielekea. Tulisikia taulo likijiburuza, na tone, na tone.

Hakimu akashusha joho lake. Kwa sauti ndogo, siyo ile tuliyoizoea, akauliza, "Nani aokolewe kwanza?"

Kulingana na maandishi, ukumbi ulipaswa kumpigia kelele chui milia. Badala yake mama mmoja mwenye mabuti akasimama nyuma kabisa, kidole mbele.

"Huyo wa kufagia! Si mnaona bado anafanya kazi? Mrudisheni kwa maji yake!"

"Mrudisheni!" wakadakia wengine. "Rudisha yeye kwa maji!"

Na Kiprono, ambaye nilikuwa nimemwonya asithubutu kuvua kichwa cha chui mbele za watu, akakivua. Jasho linamtiririka. Akaanza kukusanya yale matumbo kutoka miguuni pake, taratibu, akiyaviringisha kama mtu anayekunja kamba ya ng'ombe, akayapeleka, akapiga magoti akayaweka kando ya jongoo. Hakuna aliyemwandikia kufanya hivyo.

Hatukuwa wa kwanza. Waamuzi walikata alama kwa sababu ya usafi wa jukwaa, na siwalaumu, walilipiga deki kwa muda mrefu. Lakini tulipita kwenda kaunti. Mwalimu Langat alinijia mbio nyuma ya pazia, ananishika mikono yote miwili, furaha yake imerudi na jamaa zake.

"Kogo, kwa kaunti nimeamua. Tumpunguzie taiga maneno."

"Na Chepkorir?"

"Chepkorir? Bila yeye tutaenda kufanya nini?"

Nilikwenda kumtafuta. Alikuwa kwenye kona, bado hajatoka kwenye nguo, maana kamba ya kufungia nguo ilikuwa imevimba kwa maji, na hilo ni kosa lingine mliandike. Nikaikata kwa makasi. Akatokea mtoto mdogo wa kahawia kutoka kichwani mpaka miguuni, meno tu ndiyo meupe, anatetemeka.

"Kogo, waliniona?"

"Walikuona, mtoto wangu."

"Bila macho?"

"Bila macho."

Akacheka, akapiga chafya, nami nikamfunika kwa leso yangu, ambayo mpaka leo inanuka chai.